Besiboli ya vijana: daftari la mahudhurio kabla ya gongo la kupigia mpira

Michezo ya Olimpiki ya Vijana iliyopangiwa Dakar, Senegal, kuanzia tarehe 31 Oktoba hadi 13 Novemba 2026, ni ya kwanza ya Olimpiki kupangwa kufanyika katika ardhi ya Afrika, na katika orodha yake umo mchezo ambao wasomaji wengi wa Tanga hawajapata kuuona kwa macho: besiboli ya watu watano, inayojulikana kwa jina la Baseball5. Miaka miwili baadaye besiboli kamili, ile ya watu tisa kila upande wanaopiga mpira kwa gongo, inarudi kwenye Olimpiki ya Los Angeles ya 2028, baada ya kuachwa nje mjini Paris mwaka 2024. Habari hizi mbili zimeanza kupenya hadi kwenye vijiwe vya kahawa vya Ngamiani na vyumba vya walimu, na kila zinapofika huwagawa watu. Wapo wanaoona mlango mpya wa mikataba ya dola, kwamba mtoto wa Makorora mwenye mkono mwepesi anaweza kuiondoa familia yake katika umaskini. Wapo pia wanaoona mchezo wa wageni, wenye vifaa vya gharama, uliokuja kuwapotezea wanafunzi muda wa masomo.

Nadhani pande zote mbili zinautazama mchezo na kuisahau programu. Programu za besiboli za vijana zilizozaa matunda huko zilikoanzia ni zile zilizoufanya uwanja kuwa sehemu ya shule: zikawa na daftari la mahudhurio, mtu mzima anayejulikana kwa wazazi, saa maalumu za kusoma, na kazi ya kijamii inayorudiwa mwaka mzima. Palipokosekana mambo hayo, mchezo uleule umezaa udanganyifu na watoto walioacha shule. Kwa hiyo kabla Tanga haijajadili kama tuipokee besiboli au tuikatae, inapaswa kujadili ni nani atashika daftari hilo, na kwa masharti gani.

Tuanze na chimbuko. Mwaka 1989, kusini mwa jiji la Los Angeles, mchezaji wa zamani aitwaye John Young, ambaye wakati huo alifanya kazi ya kusaka vipaji, aligundua kwamba vijana wa mitaa maskini walikuwa wanauacha mchezo wakifika umri wa miaka 13 hadi 16, umri uleule ambao magenge ya mitaani yalikuwa yanawanyakua. Akaanzisha programu ya kuirudisha besiboli katika mitaa hiyo, inayojulikana hadi leo kwa kifupi cha RBI, na baada ya muda ligi kuu ya Marekani ikaichukua na kuieneza katika miji mingine. Mwaka 1991, huko East Harlem mjini New York, watu wa kujitolea walisafisha kiwanja kilichotelekezwa wakaunda timu za watoto. Kilichofuata Harlem ndicho kinachostahili kusomwa kwa makini. Viongozi wa timu hizo hawakuridhika na mtoto anayepiga mpira vizuri huku kusoma kukimshinda, wakaingiza vipindi vya kusoma katika ratiba ya likizo pamoja na mazoezi, kisha wakaendelea kuongeza mpaka mwaka 2008 wakafungua shule kamili. Shirika lenyewe liliitwa Harlem RBI. Mwaka 2017 likabadili jina na kuwa DREAM, na besiboli haitajwi tena katika jina hilo. Mjini Washington nako, kituo cha vijana cha klabu ya Nationals kilichofunguliwa mwaka 2014, upande wa mashariki wa mto Anacostia, kilijengwa kikiwa na viwanja na madarasa kwa pamoja. Aliyechora ramani ya kituo hicho alijua tangu mwanzo kwamba mtoto atatoka darasani kwenda uwanjani na kurudi darasani, siku hiyohiyo, kwa miguu yake.

Hapa kwetu besiboli iliingia kwa njia ya Japani, kuanzia mwaka 2012, na ikapata makao katika shule za sekondari, hasa Dar es Salaam, ambako shule ya Azania ina uwanja uliojengwa kwa msaada wa nchi hiyo. Mashindano yake ya kitaifa yamepewa jina la Koshien, kufuata uwanja maarufu wa Japani uliojengwa mwaka 1924 kwa ajili ya mashindano ya wanafunzi, na waasisi waliyajenga juu ya maneno matatu: nidhamu, heshima na haki. Kwa maana hiyo Tanzania haikupokea besiboli ya klabu za kulipwa. Ilipokea besiboli ya shule, yenye desturi ya kuinamisha kichwa mbele ya mpinzani kabla na baada ya mechi, na ya wachezaji kulisawazisha vumbi la uwanja kwa mikono yao wenyewe. Huu ni urithi mzuri wa kuanzia, na ni ajabu kwamba mjadala wetu unauruka na kwenda moja kwa moja kwenye dola.

Msomaji ambaye hajauona mchezo anaweza kuuliza una nini cha pekee ambacho soka haina. Sitaki kutia chumvi. Soka ni mchezo wa watu wa mji huu. Coastal Union na African Sports zimewafundisha wazee wetu kushangilia na kununa, na hakuna gongo la besiboli litakalouondoa uwanja wa Mkwakwani mioyoni mwa watu. Hata hivyo besiboli ina sheria moja ambayo mwalimu yeyote angeipenda, nayo ni zamu ya kupiga. Orodha ya wapigaji hupangwa kabla ya mechi na haiwezi kurukwa. Katika chandimu ya mtaani mtoto dhaifu anaweza kukimbia jioni nzima bila kugusa mpira, kwa sababu wenye nguvu hawampi. Katika besiboli zamu yake ikifika inafika. Anasimama peke yake, wenzake wote wakimtazama na kumtia moyo, na hakuna mwenzake anayeweza kumpokonya nafasi hiyo kwa nguvu. Halafu anakosea, kwa sababu karibu kila mtu hukosea. Mpigaji wa ligi kuu mwenye wastani wa 0.300 huhesabiwa kuwa hodari, na maana yake ni kwamba katika kila majaribio kumi amefanikiwa matatu na ameshindwa saba. Mwalimu wa darasa la tano anayehangaika kufundisha desimali ana somo zima hapo: gawanya mara ulizofanikiwa kwa mara ulizojaribu, andika jibu, kesho lihesabu upya. Mtoto anayekataa kugawanya 3 kwa 10 ubaoni hatakataa akijua kwamba jibu ni wastani wake mwenyewe.

Wala stadi zenyewe si ngeni kama tunavyodhani. Jioni moja, katika mojawapo ya barabara za Ngamiani zenye majina ya namba, nilisimama kuwatazama wasichana wakicheza rede. Wawili walisimama pande mbili wakirushiana mpira uliofungwa kwa makaratasi na mifuko, na wa tatu alikuwa katikati akijaza mchanga kwenye chupa ya plastiki. Alijaza kwa viganja viwili, jicho moja kwenye mdomo wa chupa na jingine kwenye mpira, akiruka pembeni kila uliporushwa na kurudi kwenye chupa kabla haujadakwa upande wa pili. Mrushaji mmoja, wa umri wa miaka kumi hivi, alirusha chini, kwa nguvu, usawa wa magoti, mahali ambapo kukwepa ni kugumu kuliko kote. Hakuna aliyemfundisha. Kurusha kwa shabaha, kudaka kwa mikono mitupu na kusoma mwendo wa mpira angani ni vitu ambavyo wasichana wa pwani wanavyo tayari, na hakuna shule iliyowahi kuvihesabu kuwa kipaji. Programu yoyote itakayoanzishwa Tanga ikawaweka wasichana pembeni itakuwa imewaacha nje wale walio karibu zaidi na mchezo huo.

Sasa nirudi kwa wenye hoja ya dola. Wanataja, kwa haki, kwamba Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alifika ligi kuu ya Marekani akiwa na Pittsburgh Pirates mwaka 2017, na kwamba vijana wawili wa Uganda walisajiliwa na Los Angeles Dodgers mwaka 2022. Lakini Ngoepe alikuwa wa kwanza kabisa kuzaliwa na kukulia barani Afrika kufika huko, katika ligi yenye zaidi ya karne moja, na wale wawili walianzia kwenye mikataba ya ligi za chini. Mfano ambao wenye hoja hii wangepaswa kuutazama ni wa Jamhuri ya Dominika, nchi ya watu wapatao milioni 11 ambayo kila msimu hutoa takribani wachezaji 100 wa ligi kuu. Hakuna nchi ndogo iliyofanikiwa kuliko hiyo. Na ni hukohuko ambako mtoto husajiliwa akiwa na umri wa miaka 16, jambo linalomaanisha kwamba maandalizi yake huanza akiwa na 12 au 13, mara nyingi mikononi mwa makocha-madalali ambao hula asilimia ya fedha ya usajili, na wengi huiacha shule ili wafanye mazoezi kutwa. Kwa kila kijana tunayemwona kwenye televisheni wapo wengi walioachwa wakiwa na miaka 19 au 20, hawana mkataba, hawana cheti. Nchi hiyo ina besiboli kila kona, na kwa watoto hao besiboli ilikuja badala ya shule. Yeyote anayetaka kuileta Tanga kwa ahadi ya dola analeta mfumo huo, hata kama hakusudii.

Upande wa pili una hoja tatu, na hazina uzito sawa. Iliyo dhaifu kuliko zote ni ile ya kwamba mchezo ni wa kigeni. Mji huu umejengwa juu ya vitu vilivyokuja kwa meli. Mkonge, ambao jina la Tanga haliwezi kutajwa bila huo, uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 ukiwa miche michache iliyonusurika safari, ukapandwa karibu na Pangani. Soka nayo ililetwa. Ugeni wa kitu haujawahi kuwa sababu ya watu wa pwani kukikataa. Wamekuwa wakikipima, wakikikubali hukipa jina na kukifanya chao.

Hoja ya muda ina wafuasi wengi zaidi, na kwa kuwa inasemwa na wazazi wanaowatakia watoto wao mema inastahili kujibiwa kwa heshima. Ila tuliwahi kuijaribu kama taifa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya shule za msingi na sekondari, UMITASHUMTA na UMISSETA, yalisimamishwa, kwa maelezo kwamba michezo inakula muda wa masomo. Baada ya miaka michache yalirudishwa, na leo Sanaa na Michezo ni somo katika mtaala wa shule za msingi. Kama kuiondoa michezo kungeinua ufaulu, pasingekuwa na sababu ya kuirudisha. Tufanye pia hesabu ndogo: mazoezi mara mbili kwa wiki, saa mbili kila mara, ni saa nne kati ya saa 168 za wiki nzima. Mzazi anayeogopa saa hizo nne angeuliza kwanza mtoto wake yuko wapi kuanzia saa tisa alasiri hadi magharibi, siku ambazo hana mazoezi wala tuisheni. Jibu la swali hilo lina uzito mkubwa kwa masomo yake kuliko saa nne za mpira zinazosimamiwa na mtu mzima, ambazo nusu yake anaweza kuzitumia akiwa amefungua daftari.

Hoja ya gharama na ardhi ndiyo nzito. Besiboli kamili inahitaji gongo, glavu kwa kila mchezaji, helmeti, na kinga za mdakaji, na vyote hivyo huagizwa nje. Inahitaji pia uwanja ambao hatuna: kutoka kituo kimoja ambacho mpigaji hukikimbilia hadi kingine ni mita 27.43, na nyuma yake lazima pawe na eneo la wazi la kufika karibu mita 100 kutoka anaposimama mpigaji. Uwanja wa soka wenye upana wa mita 68 hautoshi. Katika mji ambao viwanja vya wazi vya shule vimekuwa vikimegwa kidogo kidogo kwa ajili ya vibanda na kuta, kudai uwanja kamili wa besiboli ni kudai kisichopatikana. Ni hapa ambapo habari ya Dakar inakuwa na maana kwetu kuliko ile ya Los Angeles. Baseball5 ilitangazwa na shirikisho la dunia mwaka 2017 kwa ajili ya mahali kama hapa. Haina gongo wala glavu. Kifaa chake ni mpira mmoja wa raba unaopigwa kwa kiganja au ngumi. Wachezaji ni watano kila upande, ambao ni lazima wachanganyike wasichana na wavulana. Mechi ina vipindi vitano. Eneo la kuchezea ni mraba wa mita 18, na vituo vimeachana mita 13. Uwanja wa mstarini wa shule yoyote ya Chumbageni unatosha, na chokaa ya kuchorea mistari ipo dukani. Anayesema hatuna uwezo wa kuanza anasema kweli kuhusu besiboli ya watu tisa, na amekosea kuhusu hii.

Iko hoja nyingine ambayo wapinzani hawaitoi, nami naiona kuwa ngumu kuliko zote, kwa hiyo nitaitoa mwenyewe: kwamba mchezo haujengi tabia. Waendeshaji wa programu hizi husema kwa urahisi mno kwamba besiboli hufundisha uaminifu. Mwaka 2017 klabu ya Houston Astros ilitwaa ubingwa wa ligi kuu. Januari 2020 uchunguzi wa ligi ulithibitisha kwamba msimu huo ilitumia kamera kuiba ishara za wapinzani, na kwamba pipa la taka lilibamizwa kwa nyuma ili mpigaji ajue ni mpira wa aina gani unakuja. Hao walikuwa watu waliocheza besiboli tangu utotoni. Kwa upande wa watoto, mwaka 2001 timu moja ya Bronx ilifutiwa matokeo yake katika mashindano ya dunia ya Little League, baada ya kubainika kwamba mrushaji wake alikuwa na miaka 14 ilhali kikomo kilikuwa 12. Na majirani zetu Waganda walipata somo kali la karatasi: mwaka 2011 timu yao ilishinda nafasi ya kwenda kwenye mashindano hayohayo huko Williamsport, Pennsylvania, ikanyimwa viza kwa sababu taarifa za umri na uzazi za baadhi ya watoto hazikulingana. Ilibidi kusubiri hadi 2012, timu ya Lugazi ilipokuwa ya kwanza kutoka Afrika kucheza huko.

Sisi tunalijua neno vijeba, na tunajua mamluki ni nani. Nilipokuwa kidato cha pili, katika shule ya mkoa huu ambayo sitaitaja, tulikwenda kwenye mashindano na kijana ambaye hakuwa mwanafunzi wetu. Alipewa jina la mwenzetu aliyebaki nyumbani akiumwa, na kwa siku tatu tuliagizwa kumwita kwa jina hilo, bwenini, mezani na uwanjani. Tulishinda. Mwalimu aliyetupangia mpango huo ndiye aliyetufundisha somo la uraia. Kikombe sikikumbuki kilivyofanana, ila nakumbuka jinsi tulivyozoea upesi kumwita mtu kwa jina lisilo lake, na jinsi mwenye jina alivyorudi shuleni akakuta amefunga mabao mawili. Mafunzo ya tabia tuliyapata siku zile tatu, na tuliyapata vizuri sana. Mtoto hujifunza kile ambacho mtu mzima aliye karibu naye yuko tayari kukifanya anapotaka ushindi. Ndiyo maana nasema daftari linatangulia: orodha ya majina ya kweli, yenye tarehe za kuzaliwa zilizothibitishwa kwa vyeti, inayoweza kukaguliwa na mzazi yeyote, ni mafunzo ya uaminifu kuliko kauli mbiu yoyote iliyoandikwa kifuani mwa fulana. Mzazi ambaye hajamkatia mtoto wake cheti cha kuzaliwa atapata sababu ya kufanya hivyo, na faida yake itamfuata mtoto huyo hadi kwenye kitambulisho cha taifa.

Kuhusu masomo, wengi hudhani jambo ni rahisi: anayefeli asicheze. Jimbo la Texas liliweka sheria ya namna hiyo mwaka 1984, ambapo mwanafunzi aliyepata chini ya alama 70 katika somo alizuiwa kushiriki michezo kwa wiki sita. Naelewa mvuto wake, na sharti la masomo lazima liwepo. Lakini fikiria ni nani anayezuiwa. Ni yule ambaye uwanja ndio uliobaki ukimleta shuleni. Ukimfukuza uwanjani mwezi wa tatu, mwezi wa nne utamkuta kwenye bodaboda au Deep Sea akibeba ndoo za samaki. Ningependekeza sharti la aina nyingine: anayeshuka asicheze mechi, lakini aendelee kuja siku zote za mazoezi, na saa ya kwanza akae kwenye meza ya kusoma pamoja na mwenzake anayelielewa somo hilo. Na kinachopimwa kisiwe daraja la mtihani peke yake. Kipimwe pia kile ambacho mtoto ana uwezo nacho wiki hii: amehudhuria siku ngapi, amekamilisha mazoezi mangapi, amesahihisha makosa yake au ameyaacha na alama nyekundu. Wastani wa kuhudhuria huhesabiwa kwa kanuni ileile ya wastani wa kupiga, na kuna faida kubwa namba zote mbili zikibandikwa kwenye karatasi moja ukutani.

Kazi ya kijamii ndiyo sehemu itakayotusumbua zaidi, kwa sababu ya historia yetu wenyewe. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 iliitaka shule iwe sehemu ya jamii inayofanya kazi, na katika mkoa huu neno msaragambo lilikuwa na heshima kabla halijaandikwa katika sera yoyote. Lakini katika shule nyingi leo kazi ya mikono imegeuka kuwa adhabu. Aliyechelewa hufyeka, aliyepiga kelele huchota maji, asiyefanya hisabati huosha choo. Mtoto aliyelelewa hivyo ukimwambia kwamba timu yake itafanya usafi wa ufukwe wa Raskazone atauliza wamekosa nini. Ugonjwa wa pili ni picha: miche mia ya mikoko hupandwa mbele ya kamera, fulana mpya zimevaliwa, hotuba zimetolewa, na miezi sita baadaye hakuna anayejua ni mingapi iliyoshika. Ningetaka timu ya vijana ipande miche ishirini, na iwe na wajibu wa kurudi kila mwezi maji yakitoka, kuihesabu, kuiandika, na kuziba mapengo. Au iwachukue watoto wa darasa la pili wa mtaa wao na kuwasomea Jumamosi asubuhi, kitabu kilekile mpaka waweze kukisoma wenyewe. Kazi iwe imechaguliwa na vijana, iwe ndogo, irudiwe, na matokeo yake yaonekane kwa macho. Na kocha awe wa kwanza kuinama.

Haya yote yana matokeo kwa wale wenye fedha na mamlaka. Wafadhili wanapenda kuleta vifaa kwa sababu vifaa hupigwa picha vizuri, na watu wa kujitolea kutoka nje hufanya kazi njema, lakini huja kwa muda na huondoka. Mwaka wa tatu glavu zimekauka ndani ya stoo na ufunguo hauonekani. Kinachodumu ni mwalimu wa hapahapa ambaye saa zake za jioni zimehesabiwa kuwa kazi. Kama halmashauri ya jiji, kamati ya shule au mfadhili yeyote ana shilingi ya kwanza ya kutoa, aitoe kwa posho ya mwalimu huyo na kwa uji wa watoto wanaobaki shuleni hadi jioni, kwa sababu hakuna anayesoma wala kukimbia vizuri akiwa na njaa. Ya pili iende kwenye ulinzi wa watoto. Kocha ana nguvu kubwa juu ya mtoto anayetamani kupangwa, na nguvu hiyo imetumiwa vibaya katika michezo mingi, katika nchi nyingi. Asiwepo mtu mzima mmoja peke yake na mtoto, safari zote ziwe na mzazi, awepo mwalimu wa kike kila walipo wasichana, na wazazi wajue jina na namba ya mtu wa kumpelekea malalamiko ambaye si kocha. Masharti haya hayagharimu fedha nyingi, na programu inayoyaona kuwa mzigo haifai kukabidhiwa mtoto.

Mafanikio nayo yapimwe kwa namna ambayo mtaa unaweza kuyathibitisha: kati ya watoto walioandikwa Januari, wangapi bado wapo shuleni na kwenye mazoezi ifikapo Novemba, wangapi kati ya walioshindwa kusoma sasa wanasoma, miche mingapi ya mikoko imesimama. Medali ikija, ipokewe kwa furaha. Shule itakayotaka kuanza muhula ujao haihitaji kusubiri kontena bandarini. Inahitaji mpira mmoja wa raba, chokaa, meza mbili chini ya mwembe, daftari la kurasa 96 lililopigwa mistari kwa rula, na majina matatu ya watu wazima ukurasa wa kwanza, mmoja wao mzazi, waliokubali kwa sahihi zao kwamba watakuwepo Jumanne na Alhamisi saa tisa na nusu alasiri.